Pazia la Kijani Juu ya Gari la Mama Mkwe

Habari hii siipendi, na kama mngekuwa wenyeji wa Bagamoyo nisingehitaji kuisimulia, kwa maana hapa kwetu kila mwanamume wa umri wangu anaijua, na wengi waliifuata kwa miguu yao wenyewe kutoka msikitini hadi Magomeni ya hapahapa kwetu, kwa hiyo naona afadhali niseme mwenyewe kabla hamjaipata kwa jirani yangu, ambaye akifika katikati hushindwa kuendelea kwa kucheka, halafu anamalizia kwa kunionyesha mimi kwa kidole.

Gari lenyewe lilikuwa la baba mkwe, Mungu amrehemu, aliyekuwa akifanya biashara ya mbata, zile nazi zilizokaushwa. Alilinunua kabla ya vita, likiwa limekwisha kuchoka mikononi mwa mzungu mmoja wa shamba la katani, na lilipofika kwangu taa yake moja ilikuwa ikitazama barabara na nyingine ikitazama minazi, mlango wa kushoto ulifungwa kwa kamba, na ili liwake ilibidi uzungushe hendeli mara tisa na kusema bismillahi mara kumi. Nililipenda gari hilo kupita kiasi. Nikitoka kazini (nilikuwa karani, nimesoma mpaka darasa la kumi, elimu ambayo haitanisaidia popote katika kisa hiki) nilikuwa naketi ndani yake palepale uani, siendi kokote, nakunywa chai yangu na kushika usukani, na mke wangu akipita na ndoo ya maji alikuwa akiniuliza, "Baba Asha, umefika wapi leo?"

Lakini halikuwa langu moja kwa moja. Mama mkwe wangu, Bi Zena, alinipa kwa sharti, tena mbele ya watu. Alisema, "Mwanangu, nakupa gari la mume wangu ulitunze. Siku Zuhura atakapoolewa, hilo ndilo litakalomleta mume wake mpaka mlangoni pangu, kama baba yake alivyotaka. Lisipomleta, nitampa Salim."

Zuhura ni kitinda mimba wake. Salim ni mwanyumba wangu, amemwoa dada mkubwa wa mke wangu na wanakaa Dar es Salaam, na kila akija kutusalimu alikuwa akilizunguka gari lile kimyakimya, anaipiga teke dogo tairi moja, halafu ananitazama. Sikulipenda lile teke.

Basi Zuhura akapata mchumba, kijana wa Kerege anayeitwa Rajabu, mtu wa mashamba ya minazi, mpole, na harusi ikapangwa Alhamisi baada ya alasiri. Wiki mbili kabla ya siku hiyo ndipo nilipogongwa.

Nilikuwa natoka sokoni, naendesha taratibu kama kawaida yangu, nikamwona mbele yangu Mzee Mwinyimvua, kaka yake Bi Zena, anakuja kwa miguu pembeni mwa njia. Sasa niambieni, mtu atampitaje mjomba wa mkewe huku amekaa kitako ndani ya motokaa? Nikasimama. Nilisimama palepale katikati ya barabara, ghafla, kwa adabu zangu zote.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Hamjambo huko nyumbani?"

"Hatujambo."

"Na watoto?"

Alipofika kwenye watoto, lori la chumvi lililokuwa nyuma yangu (ambalo dereva wake hakuona sababu yoyote ya mtu kusimama pale, na sasa nikifikiri namwelewa) likaniingia kwa nyuma. Nilirushwa mbele nikapiga kifua kwenye usukani, kofia ikaenda zake. Buti lilikunjwa, kioo cha nyuma kikawa unga, na kipande kizima cha paa upande wa nyuma kikabonyea kama kofia iliyokaliwa na mtu mnene. Chumvi ikamwagika mpaka kwenye kiti. Nikiwa bado najipapasa kama nimekamilika, nikasikia sauti dirishani.

"Nimekuuliza, watoto hawajambo?"

"Hawajambo, mjomba."

Yule dereva wa lori akashuka amekasirika, akaja mbio, akamwona Mzee Mwinyimvua, akasimama akamwamkia kwanza. Walipomaliza habari za nyumbani akanigeukia mimi. "Ndugu yangu, ulisimama kwa nini?"

"Nilikuwa namwamkia mzee."

Akamtazama mzee, akalitazama gari, akakuna kichwa. "Sasa hapo mimi nitasema nini," akasema, akarudi kukusanya chumvi yake.

Mtu mwenye akili angelikokota gari lile mpaka Dar, kwa mafundi wa bati na rangi ambao ndiyo kazi yao. Kila mtu aliniambia hivyo. Lakini kwenda Dar kutengeneza gari ni kulala Dar, siku tatu, pengine tano, na mimi silali vizuri nje ya nyumba yangu. Niliwahi kulala Chalinze usiku mmoja, nasubiri basi, nikarudi nyumbani nimekonda hata mtoto akanishangaa. Kwa hiyo nikaamua (na hapa ndipo pa kuniwekea alama, kwa maana mengine yote yalifuata yenyewe) kwamba gari litatengenezwa hapahapa mjini, na Fundi Kombo, seremala, ambaye karakana yake iko hatua mia mbili kutoka kitandani kwangu.

Fundi Kombo si mtu wa kudharau. Nusu ya milango ya maana ya mji huu ameichonga yeye au baba yake. Aliposikia shida yangu alilizunguka gari mara moja, akaligonga kwa kidole kama anayechagua nazi, akasema, "Gari ni nini? Ni sanduku lenye magurudumu. Bati limekufa, nitakutilia mbao."

"Na kioo cha nyuma, fundi?"

"Kioo cha nini? Wewe unakwenda mbele au unakwenda nyuma?"

Darasa la kumi lote, nikamwachia gari.

Akakata bati lote lililobonyea, akajenga mgongo mpya wa mbao kuanzia nyuma ya viti mpaka kwenye bampa. Alinizuia nisiende kuangalia kila siku, alisema namtia mkosi, kwa hiyo nililiona gari siku ile ile ya harusi, saa nane mchana, na kwa kweli macho yalinitoka. Mgongo ulikuwa umepindwa kwa matao, tao juu ya tao, mbao nyembamba zimepangwa zikashikana kama mbavu, mrefu, umeinuka katikati na kushuka pembeni kwa upole. Nilihisi nimeshawahi kuona umbo lile mahali fulani na likanigusa moyo, ila sikukumbuka ni wapi. (Yalikuwa matao ya jeneza la msikiti wetu. Fundi Kombo ndiye aliyelitengeneza, na la Kaole, na la Dunda pia. Mkono wake ukiambiwa upinde mbao ndefu za kufunika kitu, unajua namna moja tu. Lakini hayo niliyajua baadaye, pamoja na mji mzima.)

"Vanishi haijakauka," Fundi Kombo akanionya, "na gundi haijakaza. Usikimbie. Nenda mwendo wa mtu aliyetoka kula."

Sasa fikirini shida yangu. Barabara ni vumbi tupu, vanishi ni mbichi, na bwana harusi ananisubiri. Nikaona nilifunike gari mgongo mpaka nifike, halafu nilifunue mbele ya watu wa Kerege waone nakshi. Nikaenda nyumbani kutafuta kitambaa. Mke wangu alikuwa kwa mama yake tangu asubuhi, anapika, kwa hiyo sikuwa na wa kumuuliza, nikashusha pazia la chumbani kwetu, la kijani, lenye ukingo wa dhahabu, zito, zuri, nikalitandika juu ya yale matao na kulifunga pembe nne. Kisha nikasikia harufu. Ile gundi ya ngozi ikiwa mbichi inanuka kama mbuzi aliyesahauliwa, na haiwezekani bwana harusi aingie humo na joho lake, basi nikachukua chetezo, nikatia makaa na ubani wa kutosha, nikakiweka kule nyuma ndani ya mbao, na chupa nzima ya marashi nikainyunyiza juu ya pazia. Kila kitu nilikifanya kwa sababu nzuri. Nataka hilo lieleweke.

Nikavaa kanzu yangu mpya na koti, nikazungusha hendeli, gari likawaka na kelele zake (eksozi ilikuwa imeng'oka kwa ile ajali na Fundi Kombo si fundi wa eksozi), nikaondoka mwendo wa mtu aliyetoka kula. Moshi wa ubani ulikuwa unapenya kwenye nafasi za mbao na kupanda juu ya pazia la kijani taratibu. Nilifika mbele ya msikiti watu wanatoka kusali alasiri.

Hapa kwetu, kwa wale wasiojua, jeneza likipita, limefunikwa kitambaa cha kijani na kufukizwa ubani, hakuna anayeuliza ni la nani. Kuuliza ni utovu wa adabu, kana kwamba wewe utamsindikiza tajiri na kumwacha maskini. Unasimama, unaacha ulichokuwa unafanya, unafuata, na jina utalipata hukohuko kaburini. Na tena hakuna anayelibeba peke yake mpaka mwisho; unapokea, unatia bega hatua chache, unampisha mwenzako, kwa kuwa kila bega lina thawabu yake.

Mimi nilichoona kwa mbele ni watu kusimama. Wazee walikuwa wanaacha mazungumzo wanasimama wima, vijana wanavua miwani, muuza kahawa akaweka chini birika lake, na wanawake waliokuwa mabarazani wakajitanda kanga vizuri na kuingia ndani. Nikasema moyoni, kumbe watu wanaliheshimu gari hili kiasi hiki. Nikawapungia mkono. Mzee mmoja nilimtolea tabasamu kabisa, na niliambiwa baadaye kwamba alimgeukia mwenzake akasema, "Maskini, huzuni imempanda kichwani."

Nyuma sikuona kitu. Kile kioo kidogo cha juu ya usukani, cha kutazamia nyuma, kilinionyesha mbao za Fundi Kombo, nami nikazitazama njia nzima nikizisifu. Halafu tulipopita sokoni gari likaanza kuwa jepesi. Niliondoa mguu kwenye petroli, likaendelea. Kwenye kile kilima kidogo cha kuingilia Magomeni, ambapo siku zote linalia na kutetemeka, lilipanda kama linavutwa na malaika. Nikamkumbuka Salim na mafundi wa bati wa huko kwake Dar, nikacheka peke yangu. Nikasema, mbao ni kitu chepesi bwana, watu hawajui. Nilisikia pia mvumo fulani wa chini kwa chini, nikadhani ni giaboksi.

Ami yake Rajabu alikuwa na nyumba palepale kando ya barabara ya Dar, na ndipo bwana harusi na watu wa Kerege walipokuwa wamefikia. Nikawaona wamejipanga mbele ya nyumba, Rajabu amevaa joho na kilemba, anang'aa. Walipokuwa wanaangalia gari nikaona nyuso zao zinabadilika, na mmoja baada ya mwingine wakaanza kuinamisha vichwa. Nikakanyaga breki. Gari halikusimama. Nikazima injini. Gari likaenda mbele hatua kumi zaidi bila injini, likasimama pale ilipoisha nguvu ya watu, na katika ule ukimya ndipo nikasikia, nyuma yangu, wanaume wasiopungua mia moja wanasoma tahalili.

Nikashuka. Walikuwa wamejaza njia mpaka kwenye kona. Waliokuwa karibu walikuwa bado wameweka mikono juu ya pazia langu, zamu kwa zamu, na Maalim Juma, imamu wetu, yuko mbele yao na jasho linamtoka. Aliponiona nashuka akarudi hatua moja nyuma.

"Bwana Karani," akasema, "huku nyuma tumeambiwa ni wewe."

"Mimi ni nini, Maalim?"

"Unayezikwa."

Kumbe wale wa nyuma, ambao hawakuweza kuniona, walilitambua gari, wakakumbuka kwamba lori la chumvi lilinigonga, wakajumlisha. Na mtu mmoja mwenye baiskeli, kwa wema wake, alikuwa amekwisha kata njia kwenda kuwapa habari wanawake kwa Bi Zena.

"Hakuna anayezikwa," nikasema. "Nimekuja kumchukua bwana harusi."

Maalim Juma akalitazama pazia, akautazama moshi wa ubani. "Na humu ndani mna nini?"

"Chetezo."

"Tumekisomea chetezo tangu msikitini," akasema, si kwa hasira, kwa sauti ya mtu anayejaribu kukumbuka kama kuna hukumu yoyote juu ya jambo hilo.

Nikaona dawa ni moja, nifunue, waone nakshi, wacheke, yaishe. Nikafungua pembe nne nikavuta. Pazia halikuja. Mikono ya watu mia moja ilikuwa imelikandamiza juu ya vanishi mbichi kwa mwendo wa karibu nusu saa, na vanishi ilikuwa imekauka nalo. Wakanisaidia wanaume wanne, tukavuta pamoja, kikatoka kipande cha ukubwa wa leso, na kilichobaki kikabaki, na kimebaki mpaka leo. Lile gari lilikuwa jeneza la kijani, sasa likawa jeneza la kijani lililochanika.

Ami yake Rajabu akanijia. Alikuwa mzee wa heshima, alichagua maneno. "Bwana Karani, sisi watu wa Kerege hatuna makuu. Lakini kijana wetu haingii humo."

"Ami, ni mbao tu. Tena nimemuahidi Bi Zena, nisipomleta bwana harusi na gari hili nanyang'anywa."

"Nakusikia."

"Aingie tu, hata akae mbele na mimi."

"Bwana Karani, mtoto anakwenda kuanza maisha."

Nikamgeukia Rajabu mwenyewe, nikamwita shemeji, nikambembeleza kwa lugha ambayo sitairudia hapa. Yule kijana mpole akanishika mkono kwa huruma. "Shemeji," akasema, "mimi hata punda ningepanda. Hili nakuachia wewe."

Basi wakaenda kwa miguu. Na kwa kuwa watu mia moja walikuwa wamekwisha jikusanya na hawana maiti, Maalim Juma akasema si vizuri kuwarudisha bure, akaanzisha kasida, wakamzunguka bwana harusi, wakampeleka kwa shangwe ambayo Zuhura asingeipata kwa magari kumi. Mimi nilikuja nyuma yao, peke yangu, na kelele za eksozi.

Kwa Bi Zena nilikuwa nimekufa kwa muda wa nusu saa. Haya niliyapata kwa mke wangu, nayaeleza kama alivyonieleza. Yule wa baiskeli alipoleta habari, wanawake wakaacha masufuria, na jirani yetu Bi Tatu akaanza kulia kwa sauti. Mke wangu aliendelea kukuna nazi. Akasema, "Baba Asha hawezi kufa siku ya pilau. Mngoje." Na Bi Zena, akiwa amekaa mkekani, akamuuliza yule wa baiskeli swali moja tu, "Amekufa kabla ya kumchukua bwana harusi, au baada?"

Nilipoingia uani mzima na kanzu yangu, Bi Tatu alinuna, akasema nimempotezea machozi. Mke wangu alilitazama gari kwa muda mrefu zaidi kuliko alivyonitazama mimi, akasema, "Hilo ni pazia langu."

Ndoa ikafungwa, pilau ikaliwa, na mimi kila tonge nilikula huku namtazama Salim, aliyekuja harusini kutoka Dar, kwa sababu nilijua kinachokuja. Watu walipopungua Bi Zena akatuita barazani, mimi na Salim. Alikuwa mwanamke asiyerudi nyuma kwa neno lake.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba. Bwana harusi kaja na nini?"

"Kwa miguu, mama."

"Nilisemaje?"

Nikainama. Akamgeukia Salim. "Lichukue, mwanangu. Ondoka nalo kesho."

Salim alikuwa amengoja siku hiyo miaka sita. Akatoka akaenda uani, sisi tukabaki tunasikia viatu vyake vinazunguka gari, mara moja, mara mbili, kisha vikasimama upande wa nyuma, vikakaa hapo. Sikusikia teke. Aliporudi alikuwa na uso wa mtu aliyeonja maziwa yaliyochacha.

"Mama," akasema, "mimi nakaa Kariakoo. Kutoka kazini mpaka kwangu kuna misikiti mitano. Nikiwa na gari lile sitafika nyumbani kabla ya isha hata siku moja."

"Hulitaki?"

"Nalitaka, mama, nalitaka sana. Lakini sina watu wa kulizika kila siku."

Bi Zena akakunja kanga yake, akaikunjua. Alilipenda gari lile kuliko sisi wote, alikuwa akipandishwa mle na mumewe kwenda Kaole siku za sikukuu, na nadhani alikuwa akiyafikiria hayo, au pengine alikuwa anajizuia kucheka, kwani mama mkwe wangu huwezi kumsoma usoni.

"Basi," akasema hatimaye, "abaki nalo marehemu."

Na hilo ndilo jina langu tangu siku hiyo, sokoni, kazini, hata kwa Rajabu ambaye ni kijana mwenye adabu. Gari ninalo. Nimeapa kwamba likivunjika hata msumari nitalipeleka Dar, na nikilazimika kulala huko mwezi mzima nitalala, na nitakonda. Mbao za Fundi Kombo, lazima niseme kweli, hazijalegea hata moja. Ila nimemlazimisha anitobolee tundu kwa nyuma, la ukubwa wa sahani, na kila nikikaribia msikiti nasimamisha gari kwanza, nachungulia, nahesabu niko na nani.